"Fail" si kufeli tu: kwa mdau aliyeuliza kuhusu karatasi ya baba yake

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umesema karatasi ya mzee imeandikwa "heart failure", mtu mmoja hapo nyumbani akasema ni moyo kufeli, na sasa ndugu wanapigiana simu kana kwamba kuna msiba. Tena neno hilohilo umelikuta kwenye barua ya kliniki, mahali pasipohusu ugonjwa kabisa. Mimi nafanya ukalimani wa hospitali huku Marekani, wengi ninaowatafsiria ni ndugu zetu wa Kongo, na neno hili halinipiti wiki.

Nianze na mzee. "Heart failure" si moyo kusimama. Moyo ukisimama ghafla madaktari huita "cardiac arrest", na hapo ni suala la dakika. Huu wa baba yako unapiga, ila hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana miguu inavimba, maji yanajaa kwenye mapafu, na akilala chali anakosa pumzi. Ukiona "EF" na namba, hiyo ni asilimia ya damu inayotoka kwenye chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kwa kila pigo. Mtu mwenye moyo mzima huwa kwenye 55 hadi 70 hivi, na hakuna anayefikisha 100, kwa hiyo wakiona namba kama 35 wasije wakaisoma kama alama za mtihani. Ugonjwa ni mzito, sikufichi, lakini wapo wanaoishi nao miaka mingi kwa dawa, kupunguza chumvi na kupima uzito kila asubuhi. Mimi husema "moyo umedhoofika". Ile ya "moyo kushindwa kufanya kazi" siipendi, kwa sababu familia ikiisikia inaelewa mtu ameshakwenda.

Sisi neno hili tulilipokea shuleni, likaja na lawama zake: aliyefeli hakusoma. Kwa wenye Kiingereza chao ni pana zaidi. Lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, "fallere", yaani kudanganya au kumwangusha aliyekutegemea. Maana hiyo ya kutegemewa bado imo: kuna jambo lilitarajiwa, halikutokea. Kosa ni la nani, neno lenyewe halisemi. Kwa hiyo wao watalitumia kwa breki, umeme, mavuno na benki, wakati sisi kila kimoja tuna lake. Breki zinafeli, hapo tumeshakubaliana nao, lakini umeme unakatika, shamba halitoi kitu, benki inafilisika. (Kufilisika na kufeli yanafanana masikioni tu, kufilisika asili yake ni Kiarabu.) Na macho ya mzee yakiwa "failing" ni kwamba yanafifia.

Panaponiuma zaidi ni kwenye dawa. Madaktari wana mazoea ya kusema mgonjwa "failed" dawa za mwanzo, wakimaanisha dawa hazikumfaa. Kwenye VVU, kwa mfano, mtu akiwa kwenye dawa na vipimo viwili vinavyofuatana vikaonyesha virusi zaidi ya 1,000 kwa mililita ya damu, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wanaita "treatment failure". Huenda kirusi kimekuwa sugu, huenda dozi zilirukwa, bado haijajulikana. Ukimwambia mama wa watu "umefeli dawa" umeshamhukumu kabla daktari hajamuuliza chochote. Sema dawa hazijafanya kazi, kisha mwache daktari aulize.

Mahakamani na kwenye barua za ofisi, "fail to" mara nyingi ni kukanusha tu. "He failed to pay" ni hakulipa. Ukitafsiri "alishindwa kulipa" umeshamtolea udhuru, maana kwetu anayeshindwa kulipa hana uwezo, na kumbe labda fedha anazo. Hakimu akisikia hivi au vile, kesi inaweza kwenda njia tofauti. Nimeshabishana na wenzangu kuhusu hili na sibadili msimamo. Vivyo hivyo "without fail" ni bila kukosa, na "I fail to see" ni kusema "sioni" kwa adabu yenye makali kidogo.

Sasa ile sentensi ya barua, "failure to attend", ina maana asipofika. Hawasemi mzee amefeli lolote. Kwa ulivyoinukuu, asipotokea bila kutoa taarifa anaweza kuondolewa kwenye orodha ya kliniki, basi. Kama usafiri ni shida, piga simu mapema mbadilishiwe tarehe. Ila usisubiri tarehe ya kliniki ikiwa uzito umepanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, au anaamka usiku akitafuta pumzi. Hapo piga simu siku hiyohiyo. Na akikosa pumzi hata akiwa ameketi tu, mpelekeni hospitali moja kwa moja.