Asante ya Kutumiwa Mtu

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, mshirika wangu ana kipaji kikubwa, lakini miaka minne sijasikia asante yake. Niendelee kuvumilia?" Usiku huo nikarudia kuangalia The Remorseful Day, kipindi cha mwisho cha Inspector Morse, tamthilia ya upelelezi ya televisheni, kilichorushwa Uingereza Novemba 2000.

Kwa miaka 13, vipindi 33, Morse (John Thaw) na Sajenti Lewis (Kevin Whately) wanasaka wauaji mjini Oxford. Morse ndiye kichwa: opera, chemshabongo, Jaguar ya rangi ya damu ya mzee. Lewis ndiye miguu, na bia mara nyingi hulipa yeye, mwenye mke na watoto wa kulisha. Mwishoni moyo unamwangusha Morse chuoni, Lewis akiwa hayupo. Hospitalini, Morse anamwomba bosi wao, Strange, amshukuru Lewis kwa niaba yake. Lewis anamkuta maiti. Anambusu kwenye paji la uso, anamuaga.

Nililia, kwa sababu miaka sita nilikuwa Lewis. Tulikuwa na studio ya video za harusi. Mwenzangu anapiga, mimi nahariri na kudai salio. Harusi moja kadi ya kamera iligoma. Nilikesha hadi adhana ya alfajiri nikiokoa vipande, na cha mwisho kupatikana kilikuwa bibi harusi akiingia ukumbini. Mama yake alipokiona alimkumbatia mwenzangu, machozi yanamtoka. Mwenzangu akasema, "Ndiyo kazi yangu, mama." Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake.

Alipohama mji, mdogo wake ndiye aliyenipigia: "Kaka anasema asante kwa yote." Inauma hadi leo, sikufichi.

Kwa hiyo usivumilie kimya, mdogo wangu. Mwambie wiki hii, ana kwa ana, si kwa meseji. Mwambie unataka jina lako kwenye mkataba na litajwe mbele ya mteja. Akikasirika, mwambie tena. Nanyi wenye vipaji, shukuruni kwa midomo yenu, mwenzako akiwa anasikia! Morse alikuwa na miaka 13 ya kulisema neno lile.

Sasa nina studio yangu. Jumamosi iliyopita bwana harusi aliposifu video, nilimwita kijana wangu wa kuhariri kutoka chumba cha nyuma, nikamtaja jina, nikasema, "Huyu ndiye aliyekesha."