Herufi Zinazovutika Kwenye Chupa
Swali: Mhariri, mashine yangu ya leza hapa Majengo, Mombasa, huchora majina sawasawa kwenye ubao, lakini nikiweka chupa kwenye kizungushio, yaani kifaa kinachoizungusha ikichorwa, herufi huvutika. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, mashine haina budi kuelezwa kuwa mzunguko mmoja ni milimita ngapi. Ikiwa chupa imebanwa kwa taya, zidisha kipenyo chake kwa 3.14, kwa hivyo chupa ya milimita 70 ina mzingo wa milimita 220 hivi. Ikiwa imelazwa juu ya magurudumu, kinachotakiwa ni mzingo wa gurudumu, si wa chupa, na hapo ndipo wengi hukosea. Zima umeme kabla ya kuunganisha waya wa mota, kisha jaribu kuchora mraba juu ya utepe wa karatasi uliobandikwa kwenye chupa.