Maswali ya wasomaji: Kunguru wamemjua kijana wangu sura, nifanyeje?

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama nafuga kuku wa kienyeji huku Mbale. Kunguru hawa wenye kifua cheupe wamenibebea vifaranga tisa ndani ya wiki tatu. Kijana wangu akamtungua mmoja kwa manati, akamshika miguu akamzungusha nyumba nzima tukimpongeza. Tangu siku hiyo akitoka nje tu wanamlilia, wanamshukia kichwani, wanamfuata mpaka stejini kwa boda. Mimi na dada zake wanatuacha. Jirani anasema huo ni uchawi, mwingine kanishauri niweke dawa ya wadudu kwenye utumbo wa mbuzi niwamalize wote. Nisaidie mwanangu asije akatolewa jicho.
— Mama wa Kuku, Mbale

Marahaba mama, na pole sana, vifaranga tisa ni hasara, hao ndo ada ya shule na chumvi ya nyumba.

Uchawi hakuna hapo. Ndege wamemkariri tu kijana wako. Kule Seattle Marekani, John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2006 walivaa kinyago cha sura ya mtu wa kale wakawatega kunguru 7, wakawavalisha pete miguuni wakawaachia. Baada ya hapo mtu yeyote akipita pale chuoni amevaa kile kinyago kunguru wanamzomea, hata akivaa na kofia juu yake wanamjua, lakini akivaa kinyago kingine, walichukua cha makamu wa rais wa wakati ule Dick Cheney, anapita salama wala hakuna anayemjali. Na kilichowashangaza wenyewe ni kwamba miaka ilivyozidi kwenda wanaozomea waliongezeka badala ya kupungua, maana wale saba waliwaonyesha wenzao na watoto wao pia walijifunza kwa wazazi, yaani ndege ambaye hajawahi kushikwa anamchukia mtu kwa kuambiwa tu. Hao ni kunguru wa Marekani, huyu wetu ambaye Waganda wanamwita namungoona ni wa ukoo huo huo, na mama wewe mwenyewe umeshaona kwa macho yako kwamba dada zake hawaguswi.

Halafu kuna lile la kumshika miguu na kumzungusha. Hapo ndo palipoharibika zaidi kuliko hata manati yenyewe. Mtafiti wa chuo hicho hicho anaitwa Kaeli Swift alifanya jaribio, likatangazwa 2015, mtu anasimama tu karibu na mahali wanapokula amembeba kunguru mfu mikononi, hampigi mtu, hasemi kitu. Kunguru walikusanyika wakamzomea, wakaogopa kula pale, na wiki 6 baadaye wapo waliomzomea yule mtu akirudi mikono mitupu. Kunguru mfu kwao ni habari, wanakuja kuangalia nani kaua na wapi pa kuogopa. Kijana wako aliwapa habari kamili, na sura ikiwa wazi kabisa.

Sasa afanye nini. Manati iwekwe chini moja kwa moja, kila jiwe linawakumbusha upya. Kama kuna kiota karibu, angalia kwenye mvule au mkalitusi mrefu au hata nguzo ya umeme, basi wanamshukia zaidi kwa sababu ya makinda, na makinda wakisharuka inapoa kiasi. Mayai huwa kama manne au matano, wanayakalia siku 18 au 19 hivi, halafu makinda wanakaa kiotani zaidi ya mwezi, kwa hiyo hesabu vizuri uvumilivu wako. Kipindi hicho apite njia nyingine, au abebe mwamvuli, mwamvuli unasaidia sana kwa sababu wanapenda kushuka kutokea nyuma wakati humwangalii.

Vifaranga: hiyo ndo kazi yenyewe, na iko mikononi mwako. Kunguru anachukua kifaranga mdogo, wa wiki za mwanzo, akishakuwa mkubwa hamwezi. Basi wiki hizo sita nane za kwanza wasitembee ovyo. Chukua tenga kubwa mfunike mama yao na watoto mchana, unalihamisha hapa na pale wapate wadudu, au kama una vijisenti nunua waya wa kuku, na kama hauna tafuta nyavu kuukuu za wavuvi, mwaloni huwa zinatupwa, ukizitandaza juu ya miti minne ushajenga. Chakula wape ndani ya hiyo kinga, usimwage uani. Na hapa nitakuuliza mama usinikasirikie: utumbo mnapochinja mnatupa wapi? Posho iliyobaki? Maganda ya mayai? Nimetembea kwa wafugaji wengi na mara nyingi kunguru hakuanza na kifaranga, alianza na jalala la nyuma ya jiko, akazoea, siku moja kifaranga kikapita mbele yake.

Ile ya dawa nakuomba, nakuomba kabisa, isifanyike. Sumu haimuui kunguru peke yake. Atakuja mbwa wako, mwewe, paka wa jirani, na kunguru mwenyewe huwa anabeba kipande anaenda kukificha, anaweza kukiweka juu ya bati lako, mvua ikinyesha maji ya bati hilo unayakinga kwenye pipa unapikia watoto. Tumeshaona nchi hii sumu ilivyofanya. Mwaka 2018 simba 11 walikufa kwa sumu kwenye hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, wanane walikuwa watoto, na 2021 humo humo upande wa Ishasha walikutwa simba sita wamekufa na pembeni yao tai wamelala wamekufa nao. Sumu ikishatoka mkononi hauirudishi.

Mzee habari. Niko Arua, nalima njugu. Kwenye simu naona video za wazungu wanawinda kunguru, wanaweka kunguru wa plastiki chini na spika inalia sauti za kunguru, wanakuja kwa makundi wanapigwa. Nikitafuta spika na bunduki ya kuazima si nitamaliza tatizo?
— Mkulima kijana

Habari nzuri kaka. Hizo video ni kweli, ndivyo wanavyofanya. Wanaweka sanamu za kunguru na mara nyingine ya bundi, maana kunguru akimwona bundi mchana anaita wenzake waje kumsumbua, halafu spika inapiga sauti ya ugomvi au ya ndege aliyeumia. Ila uangalie vizuri, utaona mwindaji amejifunika majani mpaka uso, amejipaka rangi, hajitikisi. Kwa nini? Kwa sababu akionekana mara moja basi, walionusurika hawarudi hapo kwa ile spika tena. Na huko Marekani si kila mtu anajipigia tu, kunguru wanalindwa na sheria ya ndege wanaohama tangu 1972, na msimu wa kuwawinda hauruhusiwi kuzidi siku 124 kwa mwaka.

Kuna hadithi ya zamani sana ya wawindaji wa Ulaya, kwamba mtu alijificha kibandani amsubiri kunguru, kunguru akakaa mbali mpaka mtu akatoka. Wakaingia wawili akatoka mmoja, kunguru akamsubiri wa pili. Wakaongezeka hivo hivo mpaka hesabu ikamshinda. Ni hadithi, lakini mwaka 2024 watafiti wa Tübingen Ujerumani waliwafundisha kunguru wakaweza kulia mara moja, mbili, tatu au nne kwa makusudi kulingana na alama waliyoonyeshwa. Ndege anayehesabu sauti zake mwenyewe, wewe unataka kumdanganya na spika ya simu.

Halafu bunduki ya kuazima kaka, hapana. Bunduki bila kibali ni jela, na wanyama pori wa Uganda kwa sheria ya 2019 wako chini ya serikali kwa niaba yetu wote. Wakizidi, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako au kwa afisa kilimo, eleza.

Njugu zinahitaji ulinzi hasa kuanzia siku unapopanda mpaka zimeota na kushika mizizi, si msimu mzima. Fukia vizuri, usiache mbegu juu, na muwe na mtu shambani alfajiri na jioni siku hizo. Sanamu ya kutisha inafaa kama unaihamisha. Mjomba wangu alikuwa na shamba nje ya Soroti, alisimamisha moja amevaa koti lake la zamani la kijani. Siku ya kwanza kunguru wote walikaa kwenye mwembe wakiangalia. Siku ya pili wakashuka mbali. Siku ya nne nilikwenda asubuhi nikamkuta mmoja kasimama juu ya mkono wa lile koti, anachomoa nyuzi kwenye mshono moja moja, anaziweka mdomoni pembeni mpaka zikawa kama ndevu, akaruka nazo kwenda kujenga. Tangu siku ile mjomba alikuwa anaihamisha kila siku na kuibadilisha nguo, na kweli ilisaidia.

Mwalimu, ni kweli kunguru anaishi miaka mia?
— Bombo

Si kweli. Unayemwona kwenye mti ule ule tangu utoto wako ni mtoto na mjukuu wa yule wa kwanza.

Mimi nimezaliwa Mombasa naishi Jinja. Kenya walisema wanaua kunguru milioni moja. Wa hapa nao si tuwaue?

Ndugu yangu hao ni wengine. Wa Mombasa ni wale wembamba wa kijivu shingoni, asili yao India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye wakafika Mombasa, wanamaliza viota vya ndege wadogo wa pwani, ndo maana mwaka 2024 shirika la wanyamapori la Kenya likatangaza mpango huo. Huyu wetu wa kifua cheupe ni mwenyeji wa Afrika, anakula panya, nzige, mizoga, na hata kekeo madoa, ndege asiyejenga kiota chake, hutaga mayai kwenye kiota cha kunguru huyu. Ukimwua unajiongezea panya.

Mtoto wangu wa miaka minane ameokota kinda la kunguru chini ya mti, analilisha ugali. Tumfuge?
— Baba, Kasese

Hapana baba, mrudisheni leo kabla ya giza. Kama ana manyoya na anarukaruka hajatupwa, anajifunza kuruka, wazazi wako karibu wanamlisha hata akiwa chini. Mwekeni kwenye tawi la juu kidogo mbwa asimfikie, ugali msimpe tena. Lakini asiende mtoto, nenda wewe, na jifunike uso kwa leso mpaka urudi ndani.