Makaburi ya Hirta: waliondoka watu, si kwamba yalijaa

Ndugu, umeuliza kama yale makaburi madogo ya kisiwa cha Hirta, kule St Kilda magharibi mwa Scotland, yaliachwa kwa sababu ya maradhi. Hapana. Walioondoka ni wazishi wenyewe. Tarehe 29 Agosti 1930 wakazi 36 waliobaki walipanda meli ya HMS Harebell, baada ya wao wenyewe kuiomba serikali iwahamishe. Vijana walikuwa wameshapungua mno, na wakati wa baridi kisiwa kilikuwa hakifikiki.

Ila kwenye maradhi hukukosea sana. Karne ya 19 vichanga wa pale walikuwa wakiuawa na pepopunda, wengi hata wiki mbili hawamalizi. Fikiria kijiji cha watu wasiozidi mia na kitu, na kila mimba inaanza na hofu hiyo! Mambo yalibadilika miaka ya 1890, pale mchungaji Angus Fiddes aliposhikilia kitovu kikatwe na kuhudumiwa kwa usafi.

Kuhusu ulivyosema kwamba huoni majina kwenye makaburi: mengi yana jiwe tupu la kienyeji, halijachongwa kitu. Mimi sioni ajabu, maana kijiji kilikuwa kimoja na kila mtu alijua nani kalala wapi. Shida ilianza walipoondoka wenye kumbukumbu.

Uzio wa mawe wa makaburi bado upo, nyuma ya nyumba za kijiji, na kisiwa chote kinatunzwa na National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa Scotland, tangu 1957.