Tokeni ya karani mmoja inapotumika na wote

SWALI: Nimetengeneza programu ya msaidizi wa akili unde kwa makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) za kahawa huku Mbozi. Inatumia MCP (itifaki ya kuunganisha msaidizi wa akili unde na zana za nje) kuunganishwa na seva mbili za nje, ya kalenda na ya nyaraka. Kila waraka unaonekana umepandishwa na karani aliyeingia kwanza. Pia, baada ya kama saa moja, seva inarudisha 401 (kosa la kutotambuliwa) mpaka mtu aingie upya. Nifanyeje?
Msomaji, Songwe

JIBU: Anza na hilo la majina, maana siku ya ukaguzi atabanwa karani asiyehusika. Inaelekea umehifadhi tokeni (ufunguo wa kidijitali anaopewa mtu akiingia) moja tu kwa kila seva. Ihifadhi kwa jozi, yaani namba ya mtumiaji pamoja na anwani ya seva, na uisimbe kabla ya kuiweka kwenye hifadhidata. Kila mtumiaji afunguliwe kikao chake cha MCP.

Ukisharekebisha hapo na jina bado ni lile lile, angalia kompyuta ya ofisi. Kivinjari huwa kimemkumbuka karani wa asubuhi, hivyo wa mchana akibonyeza "unganisha" anapewa akaunti ya mwenzake bila kuulizwa. Kama mtoa huduma anafuata OpenID Connect (kiwango cha kuthibitisha utambulisho) na anakubali kigezo cha prompt=select_account, kinachomtaka mtu achague akaunti, kiongeze kwenye ombi la kuingia.

Kuhusu 401, soma expires_in kwenye jibu lililoleta tokeni. Ikiwa 3600, hiyo ni saa moja. Tumia tokeni ya kuhuisha (ile ya kuombea tokeni mpya bila kuingia upya) dakika moja hivi kabla ya muda kwisha. Mtego uko hapa: seva nyingi hubadilisha tokeni ya kuhuisha kila inapotumika. Maombi mawili yakihuisha kwa pamoja, la pili linapeleka tokeni iliyokwisha kazi, seva inadhani imeibwa na kufuta zote. Weka kufuli kwa kila jozi ili ombi moja lihuishe, mengine yasubiri. Tokeni mpya ya kuhuisha ikija, iandike papo hapo. Isipokuja, baki na ya zamani.

Katika hatua ya kuingia, PKCE (kinga dhidi ya wizi wa msimbo wa kuingia) iwe ya mbinu ya S256, kigezo cha resource kitaje anwani ya seva yenyewe ya kalenda au ya nyaraka, na redirect_uri (anwani ya kumrudisha mtumiaji baada ya kuingia) ilingane na uliyosajili hadi mkwaju wa mwisho. Tokeni ya kalenda usiipeleke kwenye seva ya nyaraka hata kwa majaribio.

Ukikutana na 403, usihuishe. Tokeni ni nzima ila ruhusa haitoshi. Mrudishe karani akubali ruhusa iliyopungua.