Filta ya infraredi haitakuonyesha anachokiona Webb

*Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia Masindi. Kwa darubini ya shule yetu, Nebula ya Orioni, lile wingu la gesi na vumbi angani, ni ukungu wa kijivu tu. Muuzaji mmoja wa Kampala anasema nikimpa shilingi laki tatu atanifungia filta ya infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho, niione kama kwenye picha za James Webb, darubini iliyoko angani. Ninunue? Na zile rangi ni za kweli?*

Mwalimu, usinunue. Ukungu huo ndio nebula yenyewe. Jicho gizani halitambui rangi za vitu hafifu.

Swali hili naletewa mara kwa mara, na linaniuma kwa sababu pesa zinazoliwa ni za shule. Filta haiongezi chochote. Kazi yake ni kuzuia mwanga fulani na kupitisha mwingine, basi. Jicho lako linakomea kwenye mawimbi yenye urefu wa nanomita 700 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali Webb huanzia karibu na 600 ikaenda hadi 28,000. Mwanga huo ukifika wote, bado utaona giza. Tena haufiki: mwingi hunyonywa na mvuke wa maji hewani, mwingine huzuiwa na kioo cha lenzi, na darubini yenyewe, kwa kuwa ina joto, hutoa infraredi yake. Ndiyo sababu Webb imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya kinga ya jua, na kioo chake kina baridi ya nyuzi zaidi ya 200 chini ya sifuri.

Rangi za Webb hupangwa na wataalamu: mawimbi marefu hupewa nyekundu, mafupi buluu. Mwanga uliopimwa ni wa kweli.

Filta ya infraredi itakula pesa tu. Ninayoiogopa ni filta ya jua inayofungwa kwenye lenzi ya darubini unayochungulia, ile inayokuja bure na darubini za bei nafuu. Joto la jua hukusanyika kwenye filta hiyo, kioo kinaweza kupasuka ghafla, na mtoto akapofuka. Fungua boksi la shule leo. Ukikuta kijioo cheusi kilichoandikwa SUN, kivunje. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kwetu kwa sehemu tu, na wauzaji hawa watazunguka tena mashuleni. Filta salama hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini, na hukaguliwa kwanza kama ina tundu au mkwaruzo kabla mwanafunzi yeyote hajasogea.