Chelezo cha kizimba cha samaki: fedha iende kwenye viungo na nanga

Wengi wanaonijia hapa Wete, Pemba, kuulizia kizimba cha samaki baharini huanza na mbao za sakafu: mvinje au mnazi, upana gani, bei gani. Mimi huwaambia sakafu ni ya mwisho. Chelezo, yaani jukwaa linaloelea na kubeba wavu, huharibikia kwenye viungo, pale mbao inapokutana na pipa na kamba inapokutana na chuma. Au hukatika nanga usiku wa kusi, ule upepo mkali wa kusini, kikaokotwa upande wa kisiwa cha Fundo wavu umechanika.

Pipa la plastiki la lita 200, likifungwa vizuri, hubeba karibu kilo 200 kabla ya kuzama. Usilihesabie zote; hesabu nusu. Siku ya kuvuna watu wote husimama upande mmoja, magunia ya chakula yapo hapo hapo, na wavu umelowa na kujaa uchafu. Vifuniko vielekee juu, na uzi wake upakwe silikoni. Jua la mchana hutanua hewa ya ndani, usiku ikipoa pipa hunyonya, na kama kifuniko kiko majini litanyonya maji kidogo kidogo mpaka pembe ianze kuinama. Ukiweza, jaza ndani chupa tupu za maji zilizokazwa vizibo, ili pipa likitoboka liendelee kuelea.

Misumari achana nayo. Wimbi huinua pembe moja na kuiacha nyingine, na kila likipita msumari hutanua tundu lake. Wazee wetu waliushona mtepe, chombo cha kale cha tanga, kwa kamba za kumbi, ukawa unakwenda na wimbi bila kupasuka. Chelezo nacho kinataka ulegevu kama ule. Mapipa nayafunga kwa kamba nene ya nailoni. Panapohitaji bolti natia iliyopakwa zinki, na washa (kisahani cha chuma) pana, na kipande cha raba ya tairi kuukuu katikati. Usichanganye na chuma cha pua: vikigusana ndani ya maji chumvi, ile ya zinki huliwa upesi sana.

Sasa nanga, na hapa naomba mnisikilize sana. Kwetu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Mtu akipima kina maji yakiwa yamekupwa na kukata kamba kwa kipimo hicho, bamvua ikijaa pembe zitavutwa chini. Pima maji yakiwa yamejaa kabisa, kisha kamba iwe mara tatu hadi tano ya kina hicho, kwa pembe zote nne. Sehemu inayolala chini iwe mnyororo, kwa sababu matumbawe husaga kamba. Na isiwe kamba inayoelea. Maji yakipwa hulegea juu juu, rafadha ya mashine ya boti ikaikata. Chini ya wavu pabaki mita kadhaa hata bamvua likipwa, mkondo upate kuondoa kinyesi na mabaki ya chakula.

Ukaguzi ufanye siku za maji mafu, mkondo umepungua. Vaa miwani, zama, shika kila kiungo kwa mkono, maana macho peke yake hayatoshi: kamba iliyoota manyoya utaijua kwa vidole. Ibadilishe siku ile ile. Wavu nao huota mwani na chaza, matundu yakaziba, samaki wakakosa hewa, na mkondo ukausukuma wote, mzigo ukaishia kwenye nanga. Uwe na wavu wa akiba. Ule mchafu uanike pwani mpaka ukauke, kisha uupige. Uchafu mwingi hupukutika. Haya yote yawe tayari kabla kusi haijashika.

Boriti za mikoko usikate. Na kabla hujatia nanga nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, na kamati ya wavuvi, kwani pale unapopataka pengine ndipo wanapotega madema au ndiyo njia ya ngalawa zao. Ukielewana nao, wao ndio watakaokupigia simu chelezo kikianza kuondoka.